Kinga ya mlima ya zamani: historia yake inasema nini kabla ya kutoa makuta

Goma, Kivu ya Kaskazini – Tangu kambi nyingi zilizouzunguka mji wa Goma zilipobomolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, jamaa nyingi zimerudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na nyingine zimebaki mjini zikitafuta maisha. Wote wana tatizo moja: mizigo. Mbegu, makala, bidoni ya maji ya lita 20, mtoto mgonjwa wa kupelekwa kituo cha afya, vyote vinahitaji miguu ao magurudumu. Pikipiki ni ya wenye uwezo. Kwa hiyo macho yanageukia baiskeli, ao kinga kama watu wengi wa Kongo wanavyoiita, na hasa zile kinga za mlima za okazyoni zenye miaka 20, 30 na zaidi, zilizokwisha kutumika Ulaya, Amerika ao Japani.

Je, inafaa kuinunua? Kwa jamaa iliyoweka akiba kidogo kidogo kwa miezi, kosa moja linaweza kula chakula cha watoto. Wauzaji husifu rangi, idadi ya vitesi na jina lililoandikwa kwenye kadre. Lakini jambo la kwanza la kutazama ni umri. Kinga ya mlima imebadilika karibu kila baada ya miaka kumi, na si kila badiliko lilimsaidia mtu wa kijiji. Anayejua historia hiyo anaweza kuitazama kinga sokoni na kujua kama fundi wa barabarani ataweza kuitengeneza ao hapana.

Pine na damu ya Kongo

Historia ya kinga inaigusa Kongo kabla Wakongo wenyewe hawajaanza kuiendesha. Mwaka 1888, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop, aliyeishi Belfast, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa pine yenye hewa kwa ajili ya baiskeli. Kabla ya hapo, magurudumu yalikuwa magumu na yalimtikisa mwendeshaji mifupa yote. Pine ya hewa iliifanya kinga kuwa chombo cha kila mtu, na katika miaka ya 1890 watu wa Ulaya na Amerika walizinunua kwa wingi sana.

Pine zilihitaji mpira, na mpira wa mwitu ulikuwa katika misitu ya Kongo. Tangu mwaka 1885 nchi hii ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Vijiji vililazimishwa kuleta kiasi fulani cha mpira. Ambapo kiasi hakikufika, wanawake walishikwa mateka, watu waliuawa, na mikono ilikatwa. Picha zilizopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris, pamoja na maandishi ya Edmund Morel, zilifanya dunia ijue. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji koloni hilo. Watu wa Kongo waliujua uzito wa pine kabla ya kuujua wepesi wake.

Baadaye, wakati wa Wabelgiji, kinga ilianza kuingia mikononi mwa makarani, walimu, makatekista na wafanyakazi wa migodi. Ilikuwa mali ya heshima. Zilizoenea zaidi, hata baada ya uhuru wa mwaka 1960, zilikuwa kinga nzito za mtindo wa Kiingereza: kadre ya chuma, magurudumu makubwa ya 28, freni za vyuma virefu na mwendo mmoja tu bila vitesi. Raleigh ya Uingereza ilikuwa na jina kubwa. Halafu zikaja Phoenix za Shanghai na Hero za Ludhiana, India, zilizofuata umbo lile lile. Mafundi wengi wa Kongo walijifunza kazi kwenye kinga za namna hiyo, na mpaka leo vifaa vyake ndivyo rahisi kupata katika masoko mengi.

Wakati uchumi wa Zaire ulipoanguka, watu walijitafutia njia. Kivu ilitengeneza chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kinachoteremka kutoka Kibumba na mabonde ya jirani na mzigo wa mamia ya kilo za viazi, kabeji ao makala. Mtu wa chukudu amejengewa sanamu katikati ya Goma. Kisangani, katika vita vya 1998 mpaka 2003, mafuta yalipokosekana na barabara zilipokatika, kinga zilibeba abiria kwa jina la toleka, neno la Kilingala lenye maana ya «tupite». Wengine walisukuma kinga zenye bidoni za mafuta ya mawese kwa mamia ya kilometa. Katika vita, chombo kilichosaidia kilikuwa kile ambacho mtu angeweza kukitengeneza mwenyewe njiani.

Iliyozaliwa kutoka vitu vilivyotupwa

Kinga ya mlima ni mdogo wa hizo zote. Ilizaliwa katika miaka ya 1970 huko Marin, jimbo la California, Marekani, karibu na mlima Tamalpais. Na haikuanza kiwandani. Vijana wa huko walitafuta kinga chakavu, hasa Schwinn Excelsior za miaka ya 1930 na 1940, ambazo ziliuzwa kwa dola chache tu kwa sababu hakuna aliyezitaka tena. Walizipenda kwa sababu mbili: kadre yake ya chuma ilistahimili mapigo, na pine zake za 26 zilikuwa nene.

Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano ya kuteremka njia moja ya vumbi karibu na mji mdogo wa Fairfax, mteremko wa karibu mita 400 ndani ya kilometa tatu na kidogo. Waliyaita Repack. Jina hilo lilitokana na freni: freni ya nyuma ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu, nayo ilipata moto mkali mpaka grisi ikaungua. Baada ya mteremko mmoja, ilibidi kufungua kitovu na kukijaza grisi upya.

Kadre za zamani zilipoanza kuvunjika, Joe Breeze alitengeneza mwaka 1977 kadre ya kwanza iliyokusudiwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua duka la kuuza kinga zenye kadre za Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi nchini Japani, na mwaka 1982 Shimano ikatoa Deore XT, vifaa vyake vya kwanza vya kinga ya mlima. Kutoka hapo biashara ikawaka dunia nzima.

Basi, hata waanzilishi wa kinga ya mlima walikuwa wanunuzi wa okazyoni. Nao hawakuchukua kila kitu kilichokuwa kwenye rundo. Walichagua kadre nzima na pine nene, vingine vyote wakavibadilisha. Uchaguzi huo bado ni mzuri hata leo.

Miaka ya kutafuta na miaka ya kuogopa

Kinga za mlima zilizotengenezwa kati ya katikati ya miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990 kwa kawaida zina kadre ya chuma, furshe ngumu isiyo na springi, magurudumu ya 26, na freni zinazobana janti kwa vipande vya mpira. Nyuma zina vitesi sita ao saba. Nyingi zina matundu ya kufungia kibebeo cha mizigo. Ni kinga za kazi, hata kama zilitengenezwa kwa ajili ya michezo.

Kuanzia mwaka 1990 mambo yakaanza kugeuka. Mwaka huo yalifanyika mashindano ya kwanza rasmi ya dunia ya kinga za mlima, huko Durango, Colorado, na kampuni ya RockShox ilikuwa imeanza kuuza furshe yenye springi. Ndani ya miaka michache karibu kila mtu alitaka furshe hiyo. Ikiwa mpya, inapunguza mtikiso. Lakini nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa na vipande vya mpira laini ndani, na mpira ule baada ya miaka mingi hukauka, hugeuka makombo ao kuwa kama ubani uliotafunwa. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Furshe ya namna hiyo leo ni uzito wa bure, na ikilegea ni hatari kwenye mteremko.

Katika miaka hiyo hiyo, alumini ilianza kuchukua nafasi ya chuma. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma. Tatizo ni pale inapopasuka. Kadre ya chuma inaweza kuunganishwa na mchomeleaji makini wa mtaani. Alumini inahitaji mashine na ujuzi mwingine, na fimbo za kuchomelea milango ya vyuma haziwezi kuishika.

Mwaka 1996 Shimano ilileta freni zenye mikono mirefu zinazojulikana kama V-brake. Hilo lilikuwa badiliko zuri: zinashika vizuri, ni rahisi kurekebisha, na vipande vyake vya mpira hupatikana. Baadaye zikaja freni za sahani, nyingine zikitumia mafuta maalumu. Zile za mafuta ni nzuri katika matope, lakini kijijini, siku mafuta yake yanapovuja, kinga inabaki bila freni.

Badiliko la mwisho ndilo linaloeleza kwa nini kinga za zamani ni rahisi. Katika miaka ya 2010 viwanda vikubwa viliacha polepole gurudumu la 26 kwa kinga zao za bei kubwa, vikahamia 27.5 na 29. Watu wa Ulaya na Amerika walianza kuziona kinga zao za 26 kuwa za kizamani, wakaziuza kwa bei ya chini ao wakazitoa zawadi. Hazikuachwa kwa sababu zimekufa. Mtindo ulikuwa umepita. Na huku kwetu Afrika, 26 haijapotea, kwa sababu kinga za bei nafuu kutoka Asia zinaendelea kuitumia. Kilichopitwa na wakati kule bado kina pine na mpira wa ndani huku.

Namna zilivyofika

Baadhi ya kinga hizi zilikuja kwa njia ya msaada. Shirika la Pedals for Progress, kwa mfano, lilianzishwa Marekani mwaka 1991 likikusanya kinga zilizolala katika magareji na kuzituma nchi nyingine. Nyingi zaidi huja kwa biashara ya kawaida: makontena hushuka Mombasa na Dar es Salaam, mizigo inagawanywa, na barabara za Uganda na Rwanda zinafikisha sehemu yake mashariki mwa Kongo. Kila mkono unaongeza bei kidogo. Anayenunua Goma analipia kinga, bahari, malori na mipaka.

Mmoja wa waanzilishi wa California alifika karibu kabisa na Kivu. Tom Ritchey alitembelea Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wakipandisha na kuteremsha mizigo kwenye milima kwa kinga nzito na vyombo vya mbao vinavyofanana na chukudu. Alibuni kinga ndefu ya kubebea kahawa ya wakulima, na mashindano yaliyoanzishwa mwaka 2006 yakapewa jina la Wooden Bike Classic, kwa heshima ya zile za mbao. Kinga hiyo ya kahawa ilikuwa na sehemu ya nyuma iliyorefushwa ili kubeba magunia. Aliyesaidia kuifanya kinga ya mlima kuwa ya michezo aliona kwamba, katika milima ya Maziwa Makuu, kinga lazima kwanza ibebe.

Kipimo cha dakika kumi

Historia hii inageuka kuwa vipimo ambavyo mtu yeyote anaweza kufanya mbele ya muuzaji, bila haraka.

Cha kwanza ni sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Ikishika kadre, ni chuma. Isiposhika, mara nyingi ni alumini. Kisha mnunuzi apitishe kidole chini ya gido, mahali mabomba ya mbele yanapokutana, na chini pale pedali zinapofungwa. Rangi iliyojikunja, mstari mwembamba wa kutu ao uvimbe ni dalili ya kugonga ao kupasuka. Kadre iliyopasuka mbele chini ya gido haifai hata kwa bei ya zawadi.

Cha pili ni kiti. Bomba la kiti ligeuzwe, lipande, lishuke. Likikataa, kutu imelikamata, na kulitoa kunaweza kuharibu kadre. Mtoto na baba hawataweza kutumia kinga moja.

Cha tatu ni namba ya pine, na hapa wengi hupoteza makuta. Kuna 26 zaidi ya moja. Pine ya kinga ya mlima huandikwa kwa nukta, kama 26 x 1.95 ao 26 x 2.125, na mara nyingi kuna namba 559. Pine ya kinga nyingi za mjini kutoka Japani huandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, na namba yake ni 590. Hizo mbili haziingiliani kabisa, hata kama muuzaji anaapa kwamba zote ni 26. Wa pili anapoinua gurudumu na kulizungusha, mnunuzi atazame kama janti inayumba, na kama ukuta wake umelika mpaka ukawa na bonde pale freni inapobana. Janti iliyolika hivyo inaweza kupasuka pine ikijazwa upepo.

Cha nne ni sheni. Kwa rula ya mtoto wa shule, nafasi 24 kutoka pini hadi pini zinapaswa kuwa karibu sentimita 30.5. Zikifika 30.8, sheni imechoka, na kwa kawaida meno ya nyuma nayo yamechoka. Hapo bei lazima ipungue kwa thamani ya vyote viwili. Vitesi vingi visimshangaze mtu. Kinga yenye vitesi sita ao saba nyuma ni rahisi kuipatia vifaa kuliko yenye tisa ao kumi. Hata mashine ya vitesi ikifa, fundi mzuri anaweza kufupisha sheni na kuacha mwendo mmoja.

Cha tano ni furshe na springi. Furshe ngumu ndiyo ya kuchagua. Kinga yenye springi katikati ya kadre haifai kabisa kwa mizigo: kibebeo hakipati mahali pa kukaa imara, na kila gunia linaibonyeza.

Cha mwisho si chuma. Ni ukweli wa mwenye mali. Katika miaka hii ya vita kinga nyingi zimeporwa, na jamaa nyingi zimeuza zao kwa bei ya kutupa njiani. Kwenye kinga nyingi kuna namba iliyopigwa chini ya bomba la pedali. Mnunuzi aigeuze kinga, aiandike namba hiyo, jina la muuzaji na bei kwenye karatasi moja, na wote wawili watie sahihi mbele ya shahidi, ikiwezekana shefu wa avenyu. Namba iliyofutwa kwa tupa ni sababu ya kuondoka. Karatasi hiyo pia inamlinda mwenye kinga kwenye kizuizi cha barabarani ao siku atakapolazimika kuhama tena na kuulizwa ni ya nani.

Inafaa kwa nani

Anayeishi karibu na barabara ya mteremko na kusafirisha viazi ao makala kwa wingi, chukudu bado inaishinda kinga: mbao hupatikana na fundi ni jirani. Anayepita njia tambarare, kama bonde la Ruzizi, na mzigo mmoja mzito nyuma, kinga ya mtindo wa Phoenix yenye gurudumu la 28 ni nzuri zaidi, kwa sababu vipuri vyake viko kila soko.

Kinga ya mlima ya zamani inamfaa mtu wa njia za mawe na milima, mwenye mizigo ya wastani na safari nyingi: muuguzi anayezunguka vijiji, mwanafunzi wa mbali, mama anayeuza mkate na sabuni katika masoko ya zamu, jamaa inayochota maji mbali. Vitesi vinampandisha mahali ambapo Phoenix ingesukumwa, na pine nene zinavumilia mawe ya volkano yanayozunguka Goma.

Wazee husema rahisi ni ghali. Bei ya kinga siyo ile inayotajwa na muuzaji. Ni hiyo pamoja na pine mbili, sheni, vipande vya freni, kibebeo cha mizigo na mkono wa fundi. Ni vizuri kwenda na fundi ambaye hatapata chochote kutoka kwa muuzaji, kumwomba ataje kila kitu kinachohitaji kubadilishwa, na kujumlisha kabla ya kutoa hata dola moja. Jumla ikibaki chini ya bei ya kinga mpya ya mtindo wa Phoenix, na kadre ikiwa ya chuma isiyo na ufa, furshe ikiwa ngumu, janti zikiwa nzima na pine zikiwa za 559, basi miaka yake 30 si kasoro. Sharti moja likikosekana, makuta yabaki mfukoni. Makontena mengine bado yako njiani.